Taarab asilia haimsubiri mtu azeeke

Kijana akitoka ukumbini kabla bashraf, kipande kisicho na uimbaji, haijaisha, wakongwe wa taarab asilia wana jibu lao: mwacheni, akikua ataielewa. Jibu hilo lina ukweli, ila wengi wanauweka mahali pasipo pake.

Ugumu wa taarab hii uko wa namna mbili. Wa kwanza uko kwenye sauti. Kundi kama Ikhwani Safaa la Unguja, lililoanzishwa 1905, hupiga kanuni (ala ya nyuzi nyingi inayolazwa na kudonolewa), udi (ala ya nyuzi kama gitaa), fidla, nai (filimbi) na akodiani kwa pamoja, na bashraf ni ala tupu, hakuna hata neno moja la kukushika mkono. Juu ya hapo kuna maqam, yaani mipangilio ya sauti ya muziki wa Kiarabu, mfano rast na bayati, zenye sauti zinazoangukia katikati ya vitufe viwili vya piano. Aliyezoea kinanda huona mpigaji amekosea. Ugumu wa pili uko kwenye maneno: beti za mapenzi ambazo kila mwenye jambo lake huzipokea kivyake.

Wanaoutetea umri wana ushahidi wa kisayansi. Mwaka 2013 Arielle Bonneville-Roussy na Jason Rentfrow, pamoja na wenzao, walichapisha utafiti uliohusisha watu zaidi ya 250,000. Upenzi wa muziki mkali wenye kelele ulikuwa juu kwa vijana na chini kwa wakubwa, ilhali jazz na muziki wa klasiki vilipata wapenzi zaidi kadiri umri ulivyopanda.

Tatizo ni kwamba takwimu za namna hiyo hulinganisha watu wa rika tofauti kwa wakati mmoja. Hazimfuati mtu yuleyule tangu ujana hadi uzee. Aliye na miaka 60 hakulelewa na redio moja na aliye na miaka 20. Na upo utafiti mwingine wa Marekani, wa Holbrook na Schindler wa 1989, ulioona kwamba watu huzipenda zaidi nyimbo zilizovuma walipokuwa na umri wa miaka 24 hivi. Tukiuchukua huo, bibi wa Unguja anayeililia sauti ya kanuni leo hakupanda ngazi yoyote ya ladha. Kanuni ndiyo iliyokuwa ikisikika redioni na harusini alipokuwa msichana. Tunachokiita ukomavu kwake huenda ni ujana wake tu.

Mwili nao hausaidii hoja ya umri. Masikio yanapochakaa, sauti nyembamba za juu ndizo hutangulia kupotea, na kutenganisha sauti nyingi zinazolia pamoja kunakuwa kazi. Fidla kadhaa, kanuni na spika mbovu za ukumbi (na spika zetu tunazijua) zinaweza kumchosha mzee kuliko mjukuu wake.

Kwa maoni yangu, umri unafanya kazi kwenye maneno. Tazama wanawake wanavyoinuka kwenda kumtunza mwimbaji: noti za fedha hutoka ubeti ule uliomgusa mtu unapofika, na wa kuguswa na ubeti wa usaliti ni yule aliyekwisha kusalitiwa. Msichana wa miaka 18 anaweza kuukariri wote bila kosa na usimwambie kitu. Hapo kweli inabidi asubiri.

Kwa sauti, hasubiri chochote. Kwenye chuo cha muziki cha nchi za jahazi, DCMA, kilichoanzishwa Zanzibar mwaka 2002, vijana hujifunza udi na kanuni, na kinachowafungua masikio ni saa walizokaa na ala mkononi. Mtu mzima asiyewahi kuisikia bayati ataiona ngeni akiwa na miaka 30, na akiwa na 70 vilevile, asipokaa nayo.

Kipimo tunacho. Waliokuwa vijana miaka ya 1990, wakati makundi ya taarab ya Muungano na TOT yakitupiana mipasho, nyimbo za vijembe, huku kinanda cha umeme kikichukua nafasi ya ala nyingi, sasa wako kwenye hamsini zao. Umri wanao, na machungu ya dunia wameyaonja. Kama miaka peke yake ingetosha, leo wangekuwa wanauliza bashraf inapigwa wapi. Mimi harusini nawasikia wakimwomba DJ mipasho ileile ya Khadija Kopa, na safari hii maneno yanawaingia kuliko zamani.