Lipeni Fundi kwa Kupima, Si kwa Kubadilisha Tu

Mvua kubwa ikipiga Kisumu usiku, kesho yake asubuhi utawaona watu wakiwa kwenye bodaboda wamekumbatia kompyuta za mezani, wengine wanaelekea Kondele, wengine katikati ya mji. Maelezo yao hayatofautiani sana. Stima ilipotea jana jioni mashine ikiwa inafanya kazi vizuri. Stima ikarudi, kitufe kikabonyezwa, kimya. Taa haiwaki, feni haizunguki. Na wengi wao, hata kabla kasha halijafunguliwa, huambiwa jambo moja: madabodi, ile bodi kuu ya ndani, imeungua, tafuta nyingine, au nunua kompyuta nyingine kabisa.

Jibu hilo mara nyingi si la kweli. Nina duka la kuchapa na kutoa huduma za mtandaoni, na wiki ya mwisho ya Juni, watu wanapokimbizana na tarehe 30 ya kuwasilisha ritani za kodi, mashine moja isiyowaka ni hasara ninayoihisi mfukoni. Kwa hiyo jambo hili nimelifuatilia kwa karibu. Nataka pia kusema neno ambalo wateja wenzangu huenda wasilipende: jibu hilo bovu tumelitengeneza sisi wenyewe, kwa kukataa kulipia kazi ya kupima.

Kwanza tuelewe kinachotokea. Kompyuta ya mezani iliyozimwa lakini ambayo waya wake bado umechomekwa ukutani haijazimika yote. Ndani ya pawa saplai, lile kasha linaloigawia mashine stima, kuna sakiti ndogo inayotoa volti 5 usiku na mchana. Kitufe cha mbele hakikati stima kama swichi ya taa. Kinatuma ishara tu kwa madabodi, na madabodi ndiyo inayoiomba pawa saplai iamke. Volti hizo 5 zisipokuwepo, au zikiwa pungufu, hata ubonyeze kitufe mpaka kidole kikuume hakuna wa kukusikia.

Sasa, sakiti hiyo hutegemea kapasita, vile vikopo vidogo vinavyohifadhi umeme, na kapasita hukauka kwa joto la miaka. Mashine zetu nyingi ni za mtumba, zimefanya kazi kwenye ofisi za Uingereza kwa miaka kadhaa kabla ya kufika huku, kisha tunaziweka kwenye vyumba vya mabati vyenye joto la Kisumu, na vumbi na wadudu wadogo wa ziwani vinaziba matundu ya hewa. Kapasita iliyochoka inaweza kuendelea kujikokota wakati mashine inafanya kazi na ina joto. Stima ikipotea na mashine ikapoa, haiwezi tena kuanza. Ndiyo maana mwenye mashine anasema kwa dhati kwamba ilikuwa nzima kabisa kabla stima kupotea. Anasema kweli. Ugonjwa ulikuwemo siku nyingi, ila mashine haikuwa imetakiwa kuamka ikiwa imepoa.

Kuna pia pigo la stima yenyewe inaporudi. Nyumba zetu hupokea volti 240, lakini dakika ya kwanza ya kurudi kwake haina adabu: inapanda, inashuka, inakatika tena. Pawa saplai nyingi zina kinga inayojifunga ikiona mambo hayaeleweki, na huendelea kujifunga mpaka uchomoe waya ukutani na kusubiri. Kwa hiyo jambo la kwanza kabisa, kabla ya bodaboda, ni hili: chomoa waya, bonyeza kitufe cha kuwasha ukishikilie kama nusu dakika ili umeme uliobaki uishe, ngoja dakika chache, kisha chomeka moja kwa moja ukutani, si kwenye ekstensheni. Nimeona mashine zilizohukumiwa zikiwaka kwa hatua hiyo tu.

Isipowaka, badilisha waya. Waya wa skrini mara nyingi ni uleule wa kompyuta. Skrini ikiwa inawaka, huo waya ni mzima, uhamishe. Plagi zetu za miguu mitatu zina fyuzi ndani, na fyuzi ikikatika kila kitu kinaonekana kimekufa. Angalia swichi ndogo iliyo nyuma ya pawa saplai, maana anayefagia nyuma ya meza anaweza kuigusa. Pawa saplai za zamani zina pia swichi nyekundu ya kuchagua volti 115 au 230. Hiyo iwe kwenye 230, na mtoto asiichezee: ikiwekwa 115 kisha ikachomekwa kwenye stima yetu, utasikia mlipuko na harufu ambayo hutaisahau.

Hapo tutenganishe mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Kompyuta isiyoamka kabisa si sawa na kompyuta inayoamka bila kuonyesha picha. Kama feni inazunguka na taa inawaka lakini skrini ni nyeusi, usiilaumu pawa saplai haraka. Zima, chomoa, toa RAM, kile kibao chembamba cha kumbukumbu, futa meno yake ya shaba kwa kifutio cha penseli, irudishe mpaka isikike ikishika. Betri ya saa nayo, ile duara bapa ya CR2032 yenye volti 3, ikifa mashine husahau tarehe na mipangilio kila stima inapopotea, na kuna madabodi ambazo hugoma kwa sababu yake. Betri hiyo inauzwa na wauza saa.

Lakini kama ni kimya kabisa, kupima kunahitajika, na hapa nitawapeleka kwenye meza ya fundi mmoja ninayemwamini. Ni kijana aliyejifunza kwa redio na televisheni kabla ya kugusa kompyuta, na nadhani ndiyo maana hakisii. Nilikuwa pale alipoingia mwalimu mmoja kutoka upande wa Maseno na kompyuta ya karani wa shule. Kwingine alikuwa ameshaambiwa madabodi imekwenda, na mitihani ya muhula mzima ilikuwa mle ndani.

Fundi alifungua kasha, akapuliza vumbi, akachomeka waya. Akachukua mita yake ya kupimia volti, akaweka ncha nyeusi kwenye waya mweusi wa ile plagi pana yenye matundu 24, na ncha nyekundu kwenye waya wa zambarau. Namba ikaja tatu na kitu, ikashuka, ikapanda, ikashuka tena.

"Mwalimu, njoo uone mwenyewe," akasema. "Hapa inatakiwa kuwa tano, na itulie."

Akatoa pawa saplai nyingine kwenye rafu, akachomeka ile plagi pana na ile ndogo ya prosesa tu, akabonyeza kitufe. Feni ikazunguka. Mwalimu akashusha pumzi na kuuliza kwa nini yule wa kwanza alisema ni madabodi.

"Yule hakupima, Mwalimu."

Kisha wakafika kwenye bei. Fundi akataja bei ya pawa saplai na bei ya kupima. Mwalimu, mtu mwungwana ambaye dakika moja nyuma alikuwa akimshukuru Mungu, akasema: "Na kupima nako unalipisha, kijana wangu? Si umeangalia tu?"

Hapo ndipo penye tatizo letu lote. Hospitalini tunalipa maabara kabla ya dawa na hatunung'uniki. Kwa fundi tunataka kulipia kitu cha kushika mkononi. Sasa fikiria hesabu yake. Akipima kwa uangalifu akakuta ni fyuzi au RAM iliyolegea, anaambulia "asante sana fundi, Mungu akubariki." Akisema madabodi imeungua bila kupima, anauza spea na analipwa ufundi juu yake. Tumeweka malipo yote upande wa kubadilisha, halafu tunashangaa kwa nini kila kitu kinabadilishwa. Fundi mwaminifu anabaki na njaa, na asiye mwaminifu anapanua duka.

Sisemi madabodi haziungui. Zinaungua. Mawingu ya alasiri yanayotoka ziwani na kujikusanya juu ya vilima vya Nandi, Kakamega na Kisii yana radi za kweli, na radi ikipiga karibu haiji kwa waya wa stima peke yake; huingia pia kwa kebo ya intaneti na kupita hadi kwenye madabodi. Ndiyo sababu ukisikia ngurumo, chomoa zote mbili. Na kapasita zilizovimba juu, au zilizotoa ukoko wa kahawia, unaziona kwa macho kwenye madabodi yenyewe bila kifaa chochote. Ila hukumu hiyo itolewe baada ya pawa saplai nyingine iliyo nzima kujaribiwa na mashine ikakataa, na baada ya fundi kugusanisha kwa bisibisi zile pini mbili za kitufe kwenye madabodi, kuhakikisha si kitufe chenyewe kilichochoka. Vitufe navyo huchoka, na watu hupoteza kompyuta nzima kwa sababu hiyo.

Kuna jaribio la waya mfupi ambalo vijana wengi wanalijua: kuunganisha waya wa kijani na mweusi kwenye plagi ya matundu 24 ili pawa saplai iamke peke yake. Linasaidia, lakini lisiaminiwe kupita kiasi. Feni kuzunguka hakuthibitishi kwamba itahimili mzigo. Lazima mita isome karibu na volti 12, 5 na 3.3, na tofauti isizidi asilimia 5. Tena mashine ndogo za ofisi, hasa Dell na HP za miaka ya karibuni, nyingi zina plagi zao wenyewe zisizofuata mpangilio huo, kwa hiyo usiingize waya kwa kukisia rangi. Dell OptiPlex nyingi zina kitufe kidogo cha kujipima nyuma, karibu na waya wa stima, chenye taa ya kijani pembeni. Kibonyeze kwanza.

Na hili nalisema kwa msisitizo wote nilio nao, hasa kwa vijana wanaojifunza kwa video: usifungue kasha la pawa saplai. Volti 240 zikishageuzwa ndani huwa takriban 340 kwenye kapasita kubwa, na hubaki humo hata baada ya kuchomoa waya. Zinaua. Mwachie anayejua kuziondoa, au badilisha pawa saplai yote.

Jambo jingine ambalo wateja hawaambiwi: hata madabodi ikiwa imekwenda kweli, kazi zako ziko kwenye diski, na diski mara nyingi haikuguswa. Inatolewa kwa skrubu chache na kuchomekwa kwenye mashine nyingine. Mwalimu yule alikuwa karibu kuandika upya mitihani yote. Nimemjua mama mwenye duka la mbegu aliyeacha mashine yake kwa fundi kama chuma chakavu, pamoja na daftari lake la madeni lililokuwa ndani. Hakuna aliyemwambia.

Kwa hiyo ombi langu ni la pande mbili. Mafundi wetu, andikeni bei ya kupima ukutani, iwe shilingi 300 au 500, na mteja aijue kabla hajashusha mashine. Mkishapima, mwandikieni namba mlizosoma kwenye karatasi: waya wa zambarau ulisoma nini, betri ilisoma nini, pawa saplai ya majaribio ilifanya nini. Karatasi hiyo ataweza kwenda nayo popote, na ndiyo itakayomrudisha kwenu. Walimu wakuu na wenye saiba, wekeni pesa ya kupima kwenye bajeti kama mnavyoweka ya wino, na nunueni pawa saplai moja ya akiba inayolingana na mashine zenu. Bei yake ni sehemu ndogo tu ya bei ya kompyuta nyingine, na mtu yeyote anayeweza kushika bisibisi ataijaribu asubuhi ileile badala ya kufunga chumba cha kompyuta wiki nzima.

Na wewe mteja, usiache mashine na kuondoka. Kaa hapo kwenye kiti, andika namba iliyo nyuma ya kasha na ukubwa wa RAM iliyomo, omba upimiwe mbele yako, na ulipe kupima huko hata kama kilichokutwa ni fyuzi ya shilingi chache. Akikwambia madabodi imeungua, mwulize ameijuaje. Fundi aliyepima atakuonyesha. Asiye na mita mezani mshukuru, beba kompyuta yako, uvuke barabara.