Modeli za Me 262 Zinang'aa Kupita Kiasi

Modeli nyingi (ndege ndogo za mfano) za Messerschmitt Me 262, ndege ya Ujerumani ya Vita vya Pili vya Dunia na ya kwanza ya kivita ya jeti kutumika vitani, hutoka dukani zimetakata mno. Rangi imekaa sawasawa, na mistari ya kuonyesha maungio ya mabati imechimbwa kwelikweli. Wakusanyaji huisifia mistari hiyo. Mimi huniudhi.

Piga hesabu kidogo. Kwenye skeli ya 1/72, yaani modeli ndogo mara 72 kuliko ndege halisi, mstari wa milimita 0.3 ni sawa na ufa wa zaidi ya sentimita 2 kwenye ndege yenyewe. Ndege ya kwenda kilomita 870 kwa saa ina nyufa za kupitisha kidole? Kiwandani maungio yale yalipigwa puti, yakapigwa msasa hadi yakalainika. Ile aliyoikabidhi rubani wa majaribio Hans Fay kwa Wamarekani, Frankfurt, tarehe 30 Machi 1945, ilikuwa bado haijapakwa rangi ya kivita. Kwenye picha zake michirizi ya puti inaonekana wazi juu ya alumini tupu, kama nyumba iliyohamiwa kabla ya kupakwa rangi. Modeli ya namna hiyo ndiyo ningeiweka mbele kabatini.

Injini nazo zilikuwa za dharura. Ujerumani ilikuwa na uhaba wa nikeli na kromi, kwa hiyo injini hiyo, Jumo 004, mara nyingi ilidumu saa 10 hadi 25 tu. Tazama katikati ya mdomo wa injini: pana kipete cha kuvutia kamba ya kuwashia kimota kidogo kilichoizungusha injini mpaka iwake. Mtengenezaji aliyekikumbuka hicho, namvulia kofia. (Aliyesahau kuweka kitu kizito puani mwa modeli, itakalia mkia.)

Lakini linaloniudhi kuliko mistari ni maandishi ya kwenye kisanduku. Jina la rubani lipo, na idadi ya ndege alizotungua ipo. Wafungwa wa Gusen II, kambi ya mateso ya Wanazi, waliounda viwiliwili vya ndege hizi ndani ya mahandaki ya Sankt Georgen, Austria, hawatajwi, ilhali walikufa huko kwa maelfu. Nafasi haikosekani. Wapunguze sifa za rubani kwa mistari miwili, waandike nani aliiunda na wapi. Mimi nitainunua hivyohivyo, tena kwa hamu zaidi.