Sarah Purser alikuwa mchoraji kwanza

Ukisoma habari za Sarah Purser, mchoraji wa Ireland aliyezaliwa mwaka 1848, utakuta anasifiwa zaidi kwa uhamasishaji: alianzisha hiki, akapigania kile. Uchoraji wake wenyewe hupewa sentensi mbili, basi. Mimi sikubali. Hayo mengine yote yaligharimiwa na picha za sura za watu.

Biashara ya unga ya baba yake ilianguka mwaka 1873, ikambidi binti ajitafutie riziki kwa brashi. Akaenda Paris kusoma Académie Julian, shule ya sanaa, akarudi Dublin kuchora wenye nazo. Mwenyewe alitania kwamba aliwapitia makabaila wa Uingereza kama surua. Pesa alizopata alinunulia hisa za Guinness, kampuni ya bia ya Dublin, na hisa zikazaa. Hapo ndipo ninapompendea hasa, maana tumezoea kusimuliwa wasanii mafukara, kana kwamba njaa ni cheti cha kipaji.

Mwaka 1903 akafungua An Túr Gloine, karakana ya vioo vya rangi jijini Dublin, wakati ambapo makanisa mengi ya Ireland yaliagiza vioo hivyo kutoka nje. Humo walifanya kazi wanawake hodari kama Wilhelmina Geddes na, baadaye, Evie Hone. Royal Hibernian Academy, chuo cha wasanii wa Ireland, ilimpa uanachama kamili mwaka 1924, mwanamke wa kwanza kuupata. Alishafika miaka 76! Sijui walikuwa wanasubiri nini.

Wasomaji wa Kongo wana sababu yao ya kumjua: alimchora Roger Casement, yule ambaye ripoti yake ya mwaka 1904 ilianika unyama wa biashara ya utomvu wa mpira nchini Kongo chini ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji.

Ni kweli, baadhi ya picha zake za kuagizwa ni za kawaida tu: mteja kaketi, kapendeza, kalipa. Lakini itazame Le Petit Déjeuner (yaani Kifungua Kinywa) ya mwaka 1881, iliyoko National Gallery of Ireland. Aliyekaa si mteja, ni rafiki yake wa Paris. Mezani pana kikombe na mkate, na mwanamke mwenyewe amezama katika mawazo yake, hana habari na anayemtazama wala hajali kupendeza. Ningepewa mimi kuandika wasifu wa Purser, ningeanzia kwenye meza hiyo. Kamati na vioo vingefuata.