Kiarabu ukutani, lakini nani anasoma?

Oktoba 2015, mfululizo wa televisheni wa Marekani, Homeland, ulionyesha kambi ya wakimbizi wa Syria iliyojengwa Berlin kwa ajili ya kurekodia. Wasanii walioajiriwa kuchora Kiarabu kutani wakaandika kwamba mfululizo wenyewe ni wa kibaguzi. Ukaenda hewani hivyo hivyo, maana watayarishaji hawakuyasoma maandishi hayo.

Hoja dhidi ya vijana wa Kiislamu wa Ulaya wanaochanganya khati, yaani sanaa ya mwandiko wa Kiarabu, na grafiti inaanzia hapo: kwa mpita njia, herufi zao ni pambo. Na si kwa asiye Mwislamu tu. Kijana wa Birmingham mwenye wazazi wa Kibangladeshi huenda amehitimu msahafu bila kuzungumza Kiarabu, kama watoto wengi wa vyuo vya Qur'ani vya Mombasa. Nyumbani wanasema Kibengali. Kwa nini basi ukuta wake useme lugha ya watu wengine?

Watetezi husema ndiyo sababu hasa. Herufi hizo ndizo anazochangia na Msomali na Mwaljeria wa mtaa uleule. Msanii wa kutani eL Seed, aliyezaliwa Ufaransa mwaka 1981 kwa wazazi wa Kitunisia, alianza kujifunza kusoma Kiarabu akiwa na miaka 18; khati yake ni njia ya kurudi, si urithi aliokabidhiwa.

Ila njia hiyo ina masharti. Tangu Ibn Muqla, bingwa wa khati aliyefariki mwaka 940, khati hupimwa kwa nukta inayoachwa na ncha ya kalamu. Alifu ya thuluthi, mtindo mmojawapo wa khati, kwa kawaida huwa na urefu wa nukta 7. Kalamu ya tete hukatwa mshazari, ndiyo maana mstari mmoja hunenepa na kukonda. Kopo la rangi ya kupuliza hutoa mstari wa duara, unene uleule kila upande. Anayepuliza moja kwa moja hupata nyoka. Dawa ni kuchora kingo kwanza kisha kujaza ndani, au kutumia brashi bapa. Nukta za herufi nazo zataka subira: ukisogeza kopo karibu mno rangi inachuruzika, na habibu (mpenzi) na khabithi (mwovu), kwa Kiarabu, zinatofautiana kwa nukta tu.

Aya za Qur'ani ni jambo jingine. Imamu Nawawi, wa madhehebu yetu ya Kishafi, aliona ni karaha kuzichora kutani, na ukuta wa kichochoro hukojolewa. Hapa sioni cha kubishania.

Kwa yaliyobaki naegemea kwa msanii Mohammed Ali wa Birmingham, anayeweka Kiarabu na Kiingereza ukuta mmoja: jirani anasoma nusu, na nusu nyingine anauliza. Ugumu ni nafasi, kwa kuwa lugha hizo huanzia pande tofauti. Pima Kiingereza kwanza; Kiarabu kinavutika, kwa kurefusha viungo kati ya herufi.