Mwacheni Adui Naye Afikiri

Kile kiti kiondolewe. Anayefuatilia hadithi za upelelezi zinazotumwa vipande vipande kwenye simu anakijua: godauni la karibu na bandari, taa moja inaning'inia, mpelelezi kafungwa kamba kitini, mikono nyuma, na jambazi mkuu anazunguka huku na huku akisimulia mpango wake wote tangu sehemu ya kwanza. Nani aliuawa na kwa nini, fedha zilipitia wapi, nani alikuwa kibaraka wake ndani ya polisi. Akimaliza kusimulia, kamba inalegea, mlango unavunjwa, risasi mbili, MWISHO. Msomaji aliyesubiri sehemu arobaini, na pengine akalipia zile za mwisho kwa pesa ya simu, anaifunga hadithi bila kuona akili ya mtu yeyote ikifanya kazi.

Inauma kwa sababu wengi wa waandishi hawa kalamu wanayo. Mazungumzo yao yanasikika, mitaa yao unaitambua, mauaji ya sehemu ya kwanza yanakukosesha usingizi. Wanaanguka mahali pamoja tu, pale mpelelezi na hasimu wake wanapokutana uso kwa uso. Na wanaanguka kwa sababu moja: adui hafikiri. Tumeambiwa ni hatari, ana magari, ana walinzi, ana watu kila ofisi, lakini tangu hadithi ianze hajawahi kukisia hatua ya mpelelezi hata mara moja na kukisia kwake kukawa sahihi. Sasa sehemu ya mwisho mpelelezi atamshinda kwa lipi? Hakuna cha kushindwa pale, kuna mtu wa kupigwa risasi tu.

Watu wakitaka mfano wa pambano kama hili hutaja maporomoko ya Reichenbach kule Uswisi, mpelelezi Sherlock Holmes na hasimu wake Profesa Moriarty wakikabana ukingoni. Hadithi hiyo ya Arthur Conan Doyle ilitoka Desemba 1893. Rudini muisome tena. Pambano la akili halikutokea kwenye maporomoko. Lilitokea siku kadhaa kabla, kwenye stesheni ya Canterbury, Uingereza, nyuma ya rundo la mizigo.

Angalieni lilivyojengwa. Holmes anajua anafuatiliwa, kwa hiyo anampa rafiki yake Watson maagizo ya kutoka London kwa treni na meli kwenda Ulaya bara: mizigo itangulie usiku stesheni ya Victoria kwa mkono wa mtu mwaminifu, bila anwani juu yake. Asubuhi aitishe gari la farasi, lakini asipande la kwanza linalojileta wala la pili. Anwani ampe dereva kwenye kikaratasi, asiitamke. Nauli awe nayo mkononi. Gari likisimama, apite mbio ndani ya Lowther Arcade, ujia wenye maduka, na kutokea upande wa pili saa tatu na robo kamili, ambako gari dogo linamsubiri, limeegeshwa ukingoni mwa barabara. Kila agizo linaziba tundu moja. Gari la kwanza linaweza kuwa limetegwa. Anwani ikitamkwa, anayesikiliza ameipata. Nauli ikitafutwa mfukoni, sekunde za thamani zimepotea.

Na pamoja na yote hayo, Moriarty anafika. Treni inaondoka, naye anasukuma watu jukwaani akipunga mkono isimamishwe. Hapo ndipo Doyle alipomheshimu msomaji. Mpango ulikuwa mzuri na adui bado ameusoma, maana, kwa makisio ya Holmes, watu wake walikuwa wamemwekea Watson macho. Amechelewa kwa dakika chache tu.

Sasa Watson anafurahi kwamba wamemkwepa. Holmes anamtuliza: mtu huyu akili yake ni sawa na yangu, kwa hiyo atafanya ambalo mimi ningelifanya. Angefanya nini? Angekodi treni maalumu, injini na behewa moja. Treni yetu inasimama Canterbury, na kwenye meli kuna kusubiri angalau robo saa. Atatukuta huko. Basi tushuke Canterbury, tukatize nchi hadi bandari ya Newhaven, tuvuke kwenda Dieppe, Ufaransa. Na mizigo? Mizigo iendelee Paris. Moriarty ataifuata na kuilinda siku mbili akingoja wenyewe waje kuichukua. Wanashuka, wanajificha, na muda si mrefu injini yenye behewa moja inapita kwa kishindo mbele ya macho yao.

Hapo hakuna bastola, na hakuna hotuba, kwa maana hasimu wala haonekani. Lakini msomaji alikuwa na kila kipande mkononi: alijua treni inasimama wapi, alijua mizigo iko ndani, alimwona Moriarty jukwaani. Angeweza kufikia uamuzi uleule kabla ya Holmes. Na ushindi umewagharimu mizigo yao ya safari. Mshindi asipopoteza chochote, msomaji huanza kuuliza kama hatari ilikuwepo kweli.

Kisha linakuja jambo ninalolipenda kuliko yote. Holmes mwenyewe anakiri kwamba Moriarty alikuwa na hatua moja zaidi: kutambua kwamba Holmes ametambua, na kushuka Canterbury. Doyle aliliacha swali hilo likining'inia, na wanahisabati wakalidaka. Oskar Morgenstern aliliandikia miaka ya 1920 na 1930, na mwaka 1944, yeye na John von Neumann wakalipigia hesabu kwenye kitabu chao cha nadharia ya michezo, yaani hesabu za watu wanaokisiana hatua. Waliweka hivi: Moriarty akimkamata Holmes popote apate pointi 100. Holmes akifika Dover, bandari ambako treni inaishia, na kuvuka salama huku Moriarty akiwa Canterbury, Moriarty apate hasi 50. Holmes akishuka Canterbury huku Moriarty akipita hadi Dover, iwe sifuri, maana Holmes amekwepa lakini hajavuka bado. Jibu: Moriarty aelekee Dover kwa uwezekano wa asilimia 60, na Holmes ashuke Canterbury kwa asilimia 60 vilevile. Fanya hesabu ya wao kukutana: 0.6 mara 0.4, jumlisha 0.4 mara 0.6, unapata 0.48. Treni inapoondoka Victoria, Holmes tayari amekufa kwa asilimia 48. Hivyo ndivyo adui anavyotakiwa kuwa na uzito. Kama hasimu wa hadithi yako hampi mpelelezi wako hata asilimia 10 ya kufa, rudi sehemu ya tano uanze upya.

Maporomoko yenyewe? Nakubali, kwa shingo upande, kwamba yana vitu vya kusomwa: nyayo za watu wawili zinazokwenda hadi mwisho wa njia na hakuna zinazorudi, fimbo iliyoachwa imeegemea mwamba, kikasha cha fedha cha sigara juu ya barua. Barua ya Mwingereza mgonjwa hotelini, iliyomrudisha Watson kijijini Meiringen, ni mtego halisi, na Holmes aliutambua akaunyamazia. Huo ni ushujaa, naupigia saluti. Ila mwisho wake ni mieleka, na miaka kumi baadaye, 1903, Doyle alipomfufua Holmes, maelezo yalikuwa kwamba alijua mbinu za Kijapani za kupigana. Misuli ndiyo iliyoamua. Hadithi hiyo ya 1903 ina pambano bora zaidi ya maporomoko: sanamu ya nta ya Holmes dirishani, mwenye nyumba akiigeuza kila robo saa kwa kutambaa ili kivuli chake kisionekane, na mlengaji anayekuja kuipiga risasi akikaa kwenye nyumba tupu ambamo Holmes amekwisha kujificha.

Wala tusidhani haya ni ya Wazungu. Pwani yetu imeyahifadhi kwenye kisa cha shujaa Fumo Liyongo na mfalme wa Pate. Wauaji wanapanga kikoa, yaani karamu ya zamu, cha makoma, matunda ya mti wa mkoma: kila mtu apande mkoma kwa zamu, na Liyongo akiwa juu mikono imeshika mti, wampige mishale. Mpango safi, hauna hata neno la uadui ndani yake. Zamu yake ilipofika alitumia mshale wake kuyaangusha makoma, miguu ikiwa ardhini. Hakumshutumu mtu. Alijibu hila bila kuonyesha kwamba ameiona, nao wakabaki hawajui anajua kiasi gani. Halafu kifungoni: walinzi wanakula chakula kizuri anacholetewa na kijakazi Saada na kumwachia cha wishwa, yaani makapi ya nafaka. Tabia hiyo ya uroho tumeshaiona. Kwa hiyo tupa, ile ya kukerezea chuma, inapofichwa ndani ya mkate wa wishwa, na ujumbe kwa mama unaimbwa mbele ya walinzi walewale, hatuhitaji kuelezwa kwa nini utapita. Kelele za ngoma ya gungu, aliyoitaka kama ombi la mwisho, zinafunika sauti ya tupa kwenye pingu. Na adui naye anafikiri: kwa kuwa nguvu imeshindwa, anamtumia mtoto wa Liyongo mwenyewe kuuliza siri ya kifo chake. Ndiyo maana kisa hiki hakijafa.

Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar, mwandishi wa riwaya za upelelezi, alilijua hili. Mpelelezi wake, Bwana Msa na kiko chake, hana haja ya bastola; rafiki yake Najum anaona yote anayoyaona Msa na bado hayaunganishi. Wapenzi wa Willy Gamba, jasusi wa riwaya za Elvis Musiba, watasema hadithi za mapigano zina raha yake. Zinayo, lakini ujasusi wa mapigano unaahidi mapigano. Wewe umeahidi akili tangu kwenye jina la hadithi.

Kazi yenyewe inaanzia mwisho. Andika pambano kwanza, kabla ya sehemu ya kwanza, hata kwa sentensi kumi. Kisha chukua daftari, ukurasa wa kushoto uwe wa mpelelezi, wa kulia wa hasimu, na kwa kila sehemu jaza kila mmoja anajua nini na tangu saa ngapi. Makosa mengi yanaonekana hapo: mara adui anajua jambo ambalo hakuna aliyemwambia, mara mpelelezi amesahau alichokiona sehemu ya nane. Kila kitu kitakachoamua pambano kionekane angalau mara mbili kabla, na mara ya kwanza kiwe katikati ya tukio jingine linalovuta macho. Kisitokee mara ya pili kwenye sehemu inayotangulia pambano, kwa sababu msomaji atakidaka palepale. Hatua tatu zinatosha: ya mpelelezi, jibu la adui, jibu la jibu. Ya nne inawachanganya watu wanaosoma kwa vipande siku tofauti.

Achaneni na simu inayorekodi mfukoni. Adui mwenye akili huchukua simu za wageni mlangoni. Na lile ungamo la godauni linaweza lisiwe na thamani kisheria. Nchini Kenya, kifungu cha 25A cha Sheria ya Ushahidi kinataka ungamo litolewe mbele ya jaji, hakimu, au afisa wa polisi wa cheo kilichowekwa ambaye si mpelelezi wa kesi hiyo, pamoja na mtu wa tatu aliyechaguliwa na mshtakiwa. Kwa kifungu hicho, hotuba ya godauni haikubaliki kama ungamo.

Mtasema simu zimeua mikimbizano ya treni, siku hizi adui anapiga tu kwa mtu wake wa mbele. Basi itumieni simu kama mizigo ya Holmes. Mpelelezi anapanda treni ya SGR Dar es Salaam kwenda Dodoma akijua laini yake inafuatiliwa. Mnara huonyesha simu ilipo, hauonyeshi aliyeishika. Anateremka Morogoro, simu inaendelea na mwenzake kijana. Sasa mfanyeni adui afikiri: simu inatembea lakini haipokelewi, hilo litamshtua. Kwa hiyo kijana ameagizwa ajibu ujumbe kwa ufupi. Adui anatuma swali la kawaida kwa jina la mtu wanayemjua wote, na jibu linarudi: "xawa." Mpelelezi ni mtu wa miaka hamsini na mitano, na tangu sehemu ya nne kila ujumbe wake umeandikwa kwa herufi zote na nukta mwishoni. Adui anageuza gari kuelekea Morogoro.

Hapo ana haki ya kujivunia, na msomaji ana haki ya kuogopa. Linabaki jibu la jibu. Mpelelezi amefanya kazi na kijana huyo tangu sehemu ya kumi na mbili na anajua anavyoandika. Ni mpelelezi mwenyewe aliyeamua asimkanye, maana alitaka adui aje Morogoro. Kinachomgharimu kiamuliwe mapema, na kiwe kikubwa: kijana hajaambiwa, na watu wa adui wameshapanda behewa lake.