Mwaka wa Kwanza Studioni: Mkono Utangulie au Wazo?

Mwanafunzi anayeingia chuo kusomea sanaa au usanifu huja na hamu kubwa. Anataka kubuni mabango, viti, katuni zinazotembea. Anataka kusema jambo lililomkaa moyoni. Wiki ya kwanza anakabidhiwa karatasi na penseli na kuambiwa achore visanduku 9 mfululizo. Cha kwanza kiwe cheupe, cha mwisho cheusi, na saba vya katikati viwe vya kijivu, kila kimoja kikimzidi mwenzake weusi kwa kiasi kilekile. Wiki ya pili anawekewa kiti mbele yake, lakini haruhusiwi kukichora: achore nafasi tupu zilizo kati ya miguu yake. Wiki ya tatu anakata karatasi za rangi. Mwezi unakwisha na bado hana kitu cha kuwaonyesha nyumbani.

Hapo manung'uniko huanza, na si ya wanafunzi peke yao. Wapo wahadhiri wanaoona kozi hizi za msingi zinazima ari ya mtu kabla haijashika moto. Wapo wengine wanaoshikilia kwamba asiyepitia visanduku vile atabaki kubahatisha maisha yake yote. Mimi naegemea upande wa visanduku, ila kwa sharti moja, na sharti lenyewe si dogo.

Mazoezi haya yana historia ya kushangaza. Katika akademia za kale za Ulaya, mwanafunzi alianza kwa kunakili michoro ya wakubwa waliomtangulia, akahamia kwenye sanamu za plasta, na baadaye sana ndipo aliporuhusiwa kumchora mtu aliye hai. Mwaka 1919 Walter Gropius alifungua Bauhaus, shule ya sanaa na usanifu, mjini Weimar, Ujerumani, na Johannes Itten akaanzisha pale kozi ya awali iliyoupindua utaratibu huo. Wanafunzi walishikashika mbao, sufu, mawe na chuma, kisha wakachora kile vidole vilichohisi. Masomo yake yalitanguliwa na mazoezi ya viungo na ya kupumua. Nia ilikuwa kumvua mtu mazoea aliyokuja nayo. Itten aliondoka 1923 na kozi ikashikwa na László Moholy-Nagy na Josef Albers. Shule ilifungwa 1933 chini ya shinikizo la Wanazi, lakini waliopita pale waliipanda kozi hiyo kwingine. Albers alikwenda Marekani, katika chuo cha Black Mountain College, North Carolina, mwaka huohuo, na Chuo Kikuu cha Yale mwaka 1950. Moholy-Nagy alifungua New Bauhaus mjini Chicago mwaka 1937. Nchini Uingereza, Victor Pasmore na Richard Hamilton waliifundisha kwa namna yao huko Newcastle katika miaka ya 1950, na baada ya ripoti ya Coldstream ya 1960 kuhusu elimu ya sanaa mwaka wa msingi ukawa mlango wa kuingilia diploma ya sanaa.

Kozi iliyozaliwa kuvunja utaratibu ikawa utaratibu. Kwa hiyo wanaoipinga leo wanafanya kilekile alichofanya Itten, na wanastahili kusikilizwa kwa makini.

Hoja yao iliyo nzito kuliko zote, kwangu mimi, ni kwamba mazoezi haya hufundishwa kana kwamba ni sarufi ya macho ya wanadamu wote, ilhali mengine ni desturi ya watu wachache. Wassily Kandinsky, aliyekuwa mwalimu Bauhaus, aliamini kwamba pembetatu ni ya njano, mraba ni mwekundu na duara ni la buluu. Mwaka 1923 aligawa dodoso hapo shuleni, na wengi wakajibu kama alivyoamini. Lakini waliojibu walikuwa watu wa nyumba moja, waliokula na kubishana pamoja kila siku. Mtu ambaye akiona duara hukumbuka jua atalipa rangi ya njano, na nani wa kumwambia amekosea? Hata zile rangi tatu za msingi, nyekundu, njano na buluu, ambazo wanafunzi hukaririshwa, si za msingi kila mahali. Kioo cha kompyuta huunda rangi zake kwa nyekundu, kijani na buluu. Mashine ya uchapaji hutumia sayani, majenta, njano na nyeusi.

Suala hili limewahi kujaribiwa kwa vitendo. Huko Makerere, Margaret Trowell alianza kufundisha sanaa mwaka 1937 akiwa na hofu kwamba mafunzo ya Kizungu yangefunika kile wanafunzi walichonacho, kwa hiyo aliwahimiza wachote katika hadithi na maisha yao wenyewe. Cecil Todd aliyemrithi mwaka 1958 alielekea upande wa pili: nadharia ya rangi, ufundi wa studio, historia ya sanaa ya Ulaya. Trowell alilaumiwa kwa kuwanyima wanafunzi zana kwa jina la kuwaheshimu. Todd naye alilaumiwa kwa kuwaletea zana zilizokuja na ladha ya mwenyewe. Lawama zote mbili zina msingi, na sijui chuo kinachofundisha sanaa kisichoweza kuangukia mojawapo.

Mwaka huohuo wa 1958, wanafunzi wa chuo cha Zaria, Nigeria, waliunda chama chao cha sanaa. Mmoja wao, Uche Okeke, alidai usanisi: kuchukua kilicho bora cha kigeni na kilicho bora cha asili na kukifanya kiwe kitu kimoja. Yeye mwenyewe aligeukia uli, michoro ambayo wanawake wa Kiigbo walikuwa wakiichora mwilini na ukutani, sanaa aliyoifahamu mama yake. Tazama uli kwa utulivu na utaona mstari mwembamba uliopimwa vizuri, na kando yake nafasi kubwa iliyoachwa wazi kwa makusudi. Lile somo la nafasi tupu kati ya miguu ya kiti lilikuwa tayari likifundishwa, bila kiti na bila Weimar. Hapa naona wapinzani wameshinda nusu ya shauri. Wameonyesha kwamba msingi hauna nchi moja. Hawajaonyesha kwamba msingi hauhitajiki.

Wapo pia wanaotetea wazo. John Baldessari, msanii wa Marekani ambaye mwaka 1970 alichoma moto picha alizozipaka katika miaka ya nyuma, alifundisha katika chuo cha sanaa cha CalArts, California, darasa la sanaa isiyotegemea studio, ambamo mtu aliruhusiwa kuacha brashi kabisa. Wanaofuata njia hiyo huuliza: ikiwa kazi ya msanii ni kufikiri, kwa nini mwaka mzima upotee kwa kivuli na mwanga? Na wapo wanaohesabu saa. Katika vyuo vingi vya Marekani somo la studio huchukua kama saa 6 kwa wiki, mara mbili ya somo la mihadhara lenye uzito uleule, na bado mwanafunzi anabeba kazi ya kufanya usiku. Kwa mtu anayefanya kibarua ili alipie masomo, hilo ni jambo zito, na walimu wengi hulipita juujuu.

Lakini tazama zana zenyewe zinavyobadilika. Illustrator, programu ya kuchorea kwa kompyuta, ilitoka 1987, Photoshop, ya kuhariri picha, 1990, na mwaka 2022 umma ukapata mitambo ya akili mnemba inayotengeneza picha kutokana na maelezo ya maandishi. Chuo kinachojenga mwaka wa kwanza juu ya programu fulani kinajenga juu ya mchanga. Anayeweza kutofautisha kijivu cha nne na cha tano kwa jicho lake ataiona tofauti hiyo kwenye karatasi, kwenye udongo wa mfinyanzi, kwenye kitambaa na kwenye kioo. Mtambo ukimletea picha nne, atajua kwa nini ya tatu imetulia na ya kwanza inayumba. Asiyeweza atachagua inayong'aa zaidi.

Isitoshe, si kila mwanafunzi alisoma sanaa katika shule ya sekondari. Ukisema "leta wazo lako" siku ya kwanza, anayestawi ni yule aliyekuja na msamiati tayari, aliyezoea makumbusho na vitabu vya picha. Visanduku 9 havijali umetoka wapi. Hoja hii huguswa kwa nadra sana, nami naiona kuwa ya haki kuliko zote.

Sasa lile sharti. Ndani ya kozi hii ya msingi mna mafundisho ya aina mbili yanayofanana kwa nje. Itten alitoa kitabu chake kikubwa cha rangi mwaka 1961, na kiini chake ni mpangilio: gurudumu la rangi 12 na aina 7 za utofauti. Albers alitoa chake mwaka 1963, nacho kinaanzia mahali pengine kabisa: jicho hudanganyika. Aliwapa wanafunzi karatasi za rangi badala ya rangi za maji, kwa sababu karatasi haibadiliki ukiichanganya vibaya. Waliweka kipande kilekile juu ya karatasi mbili za rangi tofauti mpaka kikaonekana kama rangi mbili. Hakuna jibu la kukariri hapo. Kuna kujaribu, kutazama, kujaribu tena.

Albers huyohuyo, siku za Bauhaus, aliwahi kuingia darasani na rundo la magazeti na kuwataka wanafunzi watengeneze kitu bila kupoteza karatasi. Wengine wakaunda nyumba na vyombo. Mmoja alilikunja tu gazeti kwa urefu likasimama lenyewe, na hiyo ndiyo kazi aliyoisifu: karatasi iliyokuwa imelala sasa inasimama, na pande zake zote mbili zinaonekana. Niulizwe kama zoezi lile lilikuwa la mkono au la wazo, nitashindwa kujibu.

Kwa hiyo ninachokipinga ni zoezi linalokwisha pale linapokuwa safi. Kozi nyingi hutoa alama kwa kingo zilizokatwa sawasawa na rangi iliyolala bila michirizi, na mwanafunzi haraka sana hujifunza kwamba usafi ndio elimu yenyewe. Kikao cha kuhakiki kazi nacho huwa foleni ya kubandika, kupokea maneno mawili ya mhadhiri na kubandua. Ningeanza kurekebisha hapo, kabla ya kugusa mtaala. Kila mtu abandike jaribio alilolikataa pamoja na alilolichagua, na wenzake waseme wanachokiona kabla mwenyewe hajajieleza.

Na vile visanduku 9 visiishie siku ya kukusanya. Mwanafunzi akate kisanduku cha tano, akiweke peke yake juu ya karatasi nyeupe, kisha juu ya nyeusi. Juu ya nyeupe kitaonekana kimezama kuwa cheusi zaidi. Juu ya nyeusi kitang'aa. Atauliza kipi ndicho kijivu chake cha kweli, na saa zote za studio zilizobaki siku hiyo zinafaa kutumika kwa swali hilo.