Akaunti moja kwa mifumo yote: hofu ya ufunguo mmoja

Ofisi nyingi Kampala zikishauriwa kuweka akaunti za wafanyakazi wote kwenye seva moja ya uthibitishaji, pingamizi huwa lile lile: mwizi akipata ufunguo mmoja, nyumba nzima ni yake. Pingamizi hilo lina uzito. Kwenye Active Directory, mfumo wa Microsoft wa kusimamia akaunti, aliyeiba siri ya krbtgt, akaunti ya ndani ambayo siri yake hutia muhuri tiketi (vibali vya kidijitali vya kuingia), hujitengenezea tiketi kwa jina lolote, na nywila yake lazima ibadilishwe mara mbili, maana mfumo huendelea kukubali iliyotangulia.

Lakini chukua mhasibu anayeacha kazi Ijumaa. Ana akaunti ya barua pepe, ya programu ya hesabu, ya mishahara, ya seva ya mafaili na ya ruta ya tawi la Gulu. Zikiwa zimetawanyika, fundi azikumbuke zote tano, na atakayoisahau ndiyo itakayobaki wazi. Hakuna kitakachomshtua mtu: jina ni halali, nywila ni sahihi, kumbukumbu za mfumo ni safi. Hatari hii haizungumzwi, ingawa ndiyo ya kila mwezi. Tena watu hurudia nywila. Mwenye akaunti tano mara nyingi ana nywila moja iliyowekwa mahali patano, nayo huvujia pale penye ulinzi hafifu kuliko pote. Kwa LDAP (njia ya kusoma orodha moja ya akaunti) na Kerberos (utaratibu wa kuthibitisha watu kwa tiketi), fundi anazima jina moja. Tiketi aliyokwisha kuipata mhasibu inaisha yenyewe, kwa kawaida ndani ya saa 10.

Lawama nyingine huiangukia seva bure. Kerberos hukataa kumwingiza mtu saa ya kompyuta na ya seva zikipishana zaidi ya dakika 5. Umeme ukikatika na betri ya CR2032 inayotunza saa kwenye ubao mama imekufa, kompyuta huwaka na tarehe ya zamani na nywila sahihi ikakataliwa. Badilisha betri, elekeza kompyuta zote kwenye seva moja ya NTP (ya kulinganisha saa) ya ofisini. Weka pia seva ya pili ya uthibitishaji, na akaunti moja ya dharura isiyotegemea mtandao, nywila yake ikiwa ndani ya bahasha iliyofungwa kabatini.

Intaneti ya Gulu ikikatika, SSSD, programu ya Linux inayounganisha kompyuta na seva ya uthibitishaji, ikiwa na mpangilio wa cache_credentials huruhusu watu kuingia kwa kumbukumbu ya kompyuta yenyewe. Hapo wapinzani wana haki: mpangilio wa offline_credentials_expiration, unaoweka muda wa kumbukumbu hiyo, usipoguswa ni 0, yaani bila kikomo, na mhasibu aliyeondoka na laptopu ataendelea kuifungua mradi haijaunganishwa. Andika 2, zihesabiwe siku mbili tangu alipoingia mtandaoni mara ya mwisho.